Kijiji Kilichomsoma Mke Wangu

Kazi yangu ni kusikiliza. Nalisema hilo bila haya, ingawa mke wangu akilisikia atacheka mpaka ashike mbavu. Serikali inanilipa nikae kwenye kituo cha uangalizi, ubavuni mwa Mlima Sengkir, hapa Jawa, nisikilize mlima unasema nini. Nina mashine yenye pipa la karatasi linalozunguka polepole, na sindano inayochora mstari juu yake. Mlima ukitulia, mstari unanyooka. Ardhi ikitikisika, sindano inarukaruka. Nina chombo cha kupima kama mlima umevimba, kingine cha kunusa gesi, darubini moja, na redio ya kupelekea taarifa mjini. Mtu mwenye vyombo vyote hivyo ana kila sababu ya kujiona, nami nilijiona sana.

Wageni wakipita kituoni huwa nawapa somo. Kule kusini, nawaambia, chini ya bahari, bamba zima la dunia linajipenyeza chini ya bamba letu, kiasi cha vidole vinne kwa mwaka, bila haraka na bila kuomba radhi. Likishafika chini vya kutosha, miamba inayeyuka, na uji ule wa moto unaanza kutafuta njia ya kupandia. Ndiyo maana kisiwa chetu kimejaa milima ya moto, na ndiyo maana vyombo vyetu vya udongo havikai sana kabatini. Maelezo hayohayo ndiyo niliyomtongozea Rukmiati. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, akiniita Mas, yaani kaka, "Sasa Mas, kati yetu sisi wawili, nani atajipenyeza chini ya mwenzake?" Nilicheka kweli, na tukaoana baada ya mavuno ya tumbaku.

Chini kidogo ya kituo kipo kitongoji cha Ngelosari, watu wa tumbaku, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Mlima wanauita Babu, na mimi wananiita Pak Dar, yaani Bwana Dar, kifupi cha Darsono. Wananiheshimu. Kabichi wananiletea, harusi wananialika. Kitu kimoja tu hawanifanyii: hawaiamini mashine yangu hata kidogo.

Wana sababu. Aliyenitangulia kituoni, Pak Wignyo, aliwahi kuona mlima unajiandaa kulipuka. Lakini sisi wa vituoni hatutangazi hatari. Tunapeleka ushauri mjini, na mjini wanakaa kikao, wanaamua kama kiwango cha tahadhari kipande au kisipande. Safari ile kikao kikawa kirefu, na Pak Wignyo akaambiwa afunge mdomo mpaka kiishe. Akaufunga. Ila asubuhi moja alimpakia mkewe kimyakimya kwenye lori la mboga, pamoja na cherehani yake. Bu Kartinem, yaani Mama Kartinem, mwenye kibanda cha vitafunwa mkabala na kituo, akaona. Hadi jioni kitongoji kizima kilikuwa kimemfuata yule mama, na amri ya kuondoka ilipotoka iliwakuta kuku tu. Mlima ukalipuka, na hakufa mtu.

Tangu hapo Ngelosari wana kipimo chao. Mke wa mwangalizi akiwa nyumbani, panda kabichi. Mke wa mwangalizi akinunua mchele kidogokidogo, anza kuuliza. Waliniambia haya wiki niliyofika, nami nikatikisa kichwa kwa huruma, kisomi, nikawaonyesha tena sindano.

Sasa tuje kwenye aibu yangu.

Kwetu mtu akifa anasomewa dua siku ya saba, ya arobaini, ya mia, na kuendelea hivyo hadi siku ya elfu, ambayo ndiyo ya mwisho na ndiyo kubwa kuliko zote. Siku hiyo jiwe linawekwa kaburini na marehemu anaachwa apumzike. Baba yake Ruk alipofariki, nilizikosa dua zote. Mara majivu yameanguka, mara mitetemo, mara mkubwa anakuja kukagua choo cha kituo. Kwa hiyo siku ya elfu niliahidi, nikaapa, na siku ilipofika nilikuwa nimevaa shati langu la batiki na pikipiki nimeifuta mpaka inang'aa.

Ndipo sindano ikaanza. Ikaruka kwa muda mfupi, ikatulia. Ikaruka tena, ikatulia. Sikuwahi kuona mchoro wa namna ile maishani.

"Ruk," nikasema, "tangulia. Nakuja."

Aliliangalia shati langu, kisha akaniangalia mimi. "Mas, hii ni ya mwisho. Baba hana nyingine."

"Ni mlima, Ruk. Nifanyeje?"

Akaenda peke yake. Mimi nikabaki na batiki yangu mbele ya mashine, nikaita mjini kwa redio, nikatangaza kwa sauti nzito: mitetemo mifupi ya karibu na uso wa ardhi, ya vipindi, chanzo hakijajulikana. Wakanisifu kwa umakini. Hadi adhuhuri nilikuwa nimeshaufikiria mkutano wa wataalamu ambao ningeueleza mchoro ule mpya, na nimeshachagua tai.

Ruk alirudi kesho yake. Na alikuwa amenisamehe, hilo ndilo linaloniuma. Alikuja na kikapu cha mianzi chenye chakula cha karamu, wali wa nazi, kuku, tempe tamu ya soya, akakiweka mezani, akaanza kunisimulia jiwe lilivyopendeza. Hajafika popote, Pak Ngadiran, mkuu wa kitongoji, akabisha hodi, kofia mkononi.

"Pak Dar, samahani sana," akasema. "Ng'ombe wangu, Menik, jana kakata kamba akapanda huko juu. Ana upele, maskini. Kajikuna kwenye kile kibanda chenu cha chombo cha mitetemo mpaka mlango umelegea. Nimekuja kusema nitautengeneza mwenyewe."

Niliutazama wali wa nazi.

"Alijikuna muda gani, Pak?" Ruk akauliza, kwa upole kabisa.

"Asubuhi yote mpaka adhuhuri, Bu. Anajikuna, anapumzika. Anajikuna, anapumzika. We! Ng'ombe yule akishaanza hajui kuacha."

Ruk alikifunika kikapu, akakishika kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima, akampa Pak Ngadiran. "Mpelekee Menik," akasema. "Mwambie shukrani kwa kumhudumia mume wangu."

Usiku ule hakugomba. Angegomba ningelala vizuri zaidi. Asubuhi lori la mboga lilipopiga honi, alikuwa ameshatoa godoro, sufuria ya mvuke na cherehani hadi barazani. Ndiyo, cherehani. Naye anashona. Na mimi, mtaalamu wa kusoma dalili, nilisimama pale nikimshauri dereva namna ya kuifunga kamba isianguke.

"Utarudi lini?" nikamuuliza.

"Niwekee sindano mlangoni, itakwambia," akajibu, akapanda mbele, akafunga mlango.

Ng'ambo ya barabara, Bu Kartinem alikuwa amesimama na mwiko hewani, mafuta yanalia kwenye karai, tempe inaungua, na yeye hata habari hana.

"Bu Ruk anakwenda wapi, Pak Dar?"

Hapo ndipo ningesema kweli, na kisa kingeishia hapo. Lakini mwanamume mzima, mtumishi wa serikali, nitasemaje kuwa nimeachwa kwa sababu ya ng'ombe? "Anakwenda kwao," nikasema. "Mama yake anaumwa."

"Mama yake? Si nimeongea naye jana kwa simu, ananisimulia karamu, anacheka mpaka anakohoa?"

"Kaanza kuumwa alfajiri."

"Akataka na godoro la kutoka huku?"

Nikajifanya kulipungia lori mkono. Bu Kartinem akazima moto, akamimina mafuta kwenye dumu, akakunja turubai la kibanda. Kile kibanda sikuwahi kukiona kimekunjwa asubuhi, hata siku ya Idi.

Habari ikashuka kitongojini haraka kuliko lori. Kabla chai yangu haijapoa, Pak Ngadiran alikuwa mlangoni tena, safari hii na wanaume wengine nyuma yake, na kofia iko kichwani.

"Pak Dar, sisi si watoto. Tuambie."

"Hakuna kitu, jamani. Kiwango ni cha Pili, kile cha kujihadhari tu, kama mwaka mzima. Njooni muone wenyewe." Nikawaingiza ndani, nikawaonyesha karatasi, mstari umenyooka kama uzi. "Sindano imetulia. Mnaona?"

Pak Ngadiran aliinama akaitazama sindano kwa heshima zote. "Sindano haina mke," akasema.

"Lakini Pak..."

"Umekatazwa kusema, tunajua. Pak Wignyo naye alikatazwa. Hatukulaumu. Asante kwa kumtoa Bu Ruk mchana kweupe, tumeelewa." Akanipa mkono, ameushika wangu kwa yote miwili, machozi yanamlengalenga, wakaondoka mbio.

Niliwaita mjini. Nikawaambia kitongoji kinahama. Wakauliza chanzo. Nikajikuta nasema tena, kwa sauti ileile nzito, chanzo hakijajulikana.

Kutoka barazani niliona kila kitu. Makabati yanapakiwa, magunia ya tumbaku, mabibi kwenye viti, mbuzi, televisheni zimefungwa kwa kanga. Njia ya kushukia ni moja, nayo inapita kwenye daraja jembamba juu ya korongo. Lori la kwanza lililobeba kabati la harusi la mtu likakwama katikati ya daraja, kabati limeshika nguzo huku na huku. Basi wenye ng'ombe na wenye haraka wakaona hakuna haja ya kungoja. Wakaanza kushuka korongoni.

Korongo lile ndiyo njia ya Babu. Limejaa mchanga na mawe ya mlipuko uliopita, na mvua kubwa ikinyesha kileleni, vyote vinaungana na maji na kushuka pamoja, tope zito linalobeba mawe makubwa kuliko nyumba. Nikatazama juu. Kilele hakikuonekana. Wingu lilikuwa jeusi tii.

Nikarudi kwenye mashine. Mstari wa chombo kingine, kile kilichofukiwa juu korongoni, ulikuwa umeanza kunenepa. Haukuruka. Ulikuwa unatetemeka mfululizo, bila kupumzika. Na nakiri, jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa: ng'ombe tena? Nikachungulia dirishani. Ng'ombe wote wa Ngelosari walikuwa chini, wanasukumana kuingia korongoni. Huko juu hapakuwa na wa kujikuna.

Nilitoka mbio, viatu nimeviacha. Kutoka kwenye chombo kile cha juu tope lingefika kwao kwa nusu saa, pengine pungufu. Nikasimama ukingoni nikapiga kelele, "Tokeni! Tokeni korongoni! Mvua inanyesha juu, tope linakuja!"

Wakasimama. Wakatazamana.

"Si mnasikia?" mtu akapaza sauti. "Sasa amekubali! Kimbieni!"

Na wakaongeza mwendo, lakini kwa kwenda mbele, kuvuka, penye mchanga laini ambapo ng'ombe wanazama mpaka magotini. Niliwaambia ukweli na ukweli ukawasukuma kwenye kifo. Bu Kartinem alikuwa katikati kabisa, wanawe wamembeba mama yao mkubwa kwenye kiti.

Msikiti uko ukingoni palepale. Niliingia na matope yangu, Mungu anisamehe, nikanyakua kipaza sauti.

"Jamani, ni Darsono. Mlima hauna kitu. Nasema tena, mlima hauna kitu." Hakuna aliyegeuka. Nikavuta pumzi. "Ruk ameniacha."

Korongo zima likatulia.

"Mama yake haumwi. Nilidanganya. Mke wangu ameniacha, kachukua godoro, kachukua cherehani, kaondoka kwa hasira. Mlima haumo kabisa. Ni mimi tu."

Nikasikia kicheko kimoja huko chini. Halafu sauti ya Bu Kartinem, ambayo haihitaji umeme, "Umemfanya nini?"

"Siku ya elfu ya baba yake sikwenda. Nilibaki kituoni kwa sababu mashine ilikuwa inaonyesha mitetemo, na ile mitetemo, jamani, ile mitetemo ilikuwa..."

Umeme ukakatika. Hukatika kila mvua ikianza, na mvua ilikuwa imeanza.

Nikatoka ngazini, nimekata tamaa. Ndipo nikaona kitu ambacho hakimo kwenye mafunzo yetu. Watu walikuwa wanapanda. Walikuwa wanatoka korongoni, upande wangu, wanasukumana, wanashikana mikono.

"Ilikuwa nini?" mwanamke mmoja akauliza akiwa bado anahema. "Pak Dar, malizia! Mitetemo ilikuwa nini?"

Sijawahi kuwa mwerevu, lakini hapo nilielewa. Nikajibu kwa sauti ya kuwafikia wale wa karibu tu. "Menik," nikasema. "Menik alikuwa anajikuna."

Kicheko kilicholipuka pale, Babu mwenyewe aliona wivu. Na walioko chini wakakisikia kicheko lakini hawakusikia sababu yake, na hakuna mtu wa Ngelosari anayeweza kulivumilia hilo. Wakaacha kuvuka. Wakaanza kupanda, na ng'ombe wao nyuma. "Amesema nini? Nani alijikuna?"

Nikaendelea. Sikuwa na njia nyingine ila kujivua nguo mbele ya watu. Niliwasimulia tai niliyoichagua kwa ajili ya mkutano wa wataalamu. Niliwasimulia kikapu cha wali wa nazi kilivyokwenda kwa ng'ombe.

"Kweli alimpa Menik?" Bu Kartinem akauliza. Alikuwa ameshafika juu, amelowa chapachapa, wanawe wanamtua mama mkubwa chini ya paa. Simu yake ameishika mkononi, ameiinua.

"Kweli. Na mimi nilikuwa na njaa."

"Na ukanyamaza? Hukumwomba radhi?"

"Nilimshauri dereva afunge kamba vizuri."

"Wewe mwanamume wewe!" wakapiga kelele wanawake wote kwa pamoja, na mabibi wawili wakatoka korongoni haraka ili waje kupiga kelele kwa karibu.

Niliongea mpaka koo likaanza kukwaruza, nikishindana na mvua. Hadi mwisho chini alibaki mtu mmoja. Pak Ngadiran, na Menik wake, amekwama kwenye mchanga, hataki mbele wala nyuma.

"Pak Ngadiran, mwache! Panda!"

"Nasikia hapahapa, endelea tu!"

Na huko juu sasa nilianza kuusikia mngurumo, kwa masikio yangu mwenyewe, bila mashine. Wengine hawajaujua bado. Vichekesho vyangu vilikuwa vimekwisha. Nilitafuta kingine cha kuchekesha, sikukipata. Kilichokuwa kimebaki ni kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu, na kilitoka chenyewe.

"Nilifurahi," nikasema.

Sauti ilikuwa inaisha. Watu wakasogea.

"Sindano iliporuka siku ile, nilifurahi. Sikutaka kwenda. Sikutaka kwenda hata siku ya saba. Baba yake alipokufa, Ruk alilia usiku, na mimi sikujua la kumwambia. Nililala pale kama gogo. Basi nikainuka, nikaenda kwenye mashine, nikajifanya nina kazi. Hapakuwa na kazi. Mlima ulikuwa umelala. Nilikaa nikatazama mstari ulionyooka mpaka akaacha kulia. Na tangu siku hiyo kila akitaka kuongea juu ya baba yake nina mitetemo."

Hakuna aliyecheka. Mvua ndiyo ilikuwa inasikika. Nami nililia, tena mbele ya watu, bila kujificha.

"Amesema nini?" Pak Ngadiran akaita kutoka chini. "Mbona hamcheki? Amesema nini?"

Hakuna aliyemjibu. Kimya kile hakukiweza. Alimtandika Menik kofi la matakoni ambalo nadhani ng'ombe yule hajawahi kupigwa, akamburuta kwa pembe, akapanda akiteleza, watu wakamshika mikono na ng'ombe wakamshika masikio, wakavutwa wote wawili juu.

Tope likapita muda si mrefu. Lilikuja la kahawia, refu kuliko mtu, mawe yanagongana ndani yake, na pale penye mchanga laini walipokuwa wamesimama pakawa hapapo tena. Halikuligusa daraja, wala lile kabati la harusi. Mama mmoja aliwahesabu wanawe kwa kidole, akawahesabu tena.

Nilidhani sasa watanisifu kwa kuusoma ule mstari. Hata mtu mmoja hakuutaja. Pak Ngadiran, akiwa ameshasimuliwa, aliniwekea mkono begani na kusema, "Pole, kaka. Kumbe ni kubwa hivyo." Kisha Bu Kartinem akaja, akaninyooshea simu yake.

"Shika," akasema. "Yumo humu tangu uliposema amekuacha."

Niliishika kwa mikono miwili. "Ruk," nikasema, na kilichotoka ni mkwaruzo.

Nikamsikia akivuta pumzi. "Umewaambia kitongoji kizima," akasema. "Umewaambia mpaka ng'ombe. Mimi mwenyewe sijasikia vizuri, mvua ilikuwa inapiga simu. Njoo uyaseme hapa."

Mwenzangu wa zamu alifika kesho yake kutoka mjini, nami nikaomba ruhusa kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nilivaa shati la kawaida. Wakati ninapita kibandani na begi langu, Bu Kartinem alikuwa anakaanga tempe.

"Nenda, Pak Dar," akasema. "Babu tutamwangalia."

Njia nzima juu ya pikipiki nilijifunza la kusema. Nililipanga vizuri: nitaanza na radhi, nitakuja kwa baba yake, nitamalizia na ule usiku. Nilirudiarudia kimoyomoyo, kwa kuwa kwa mdomo sikuweza. Nilikuwa nimeamka bila sauti, hata ya kuitikia salamu.

Ruk alikuwa barazani kwa mama yake, cherehani mbele yake, anashona. Aliniona nikiegesha, akasimamisha mguu. Mama mkwe alitoka, akatutazama, akarudi ndani kuchemsha tangawizi.

"Haya," Ruk akasema. "Sema."

Nilifungua mdomo. Ikatoka hewa. Nikajaribu tena, nikashika koo, nikaonyesha mvua kwa mkono, nikaonyesha msikiti, nikaonyesha korongo, nikawa nacheza ngoma ya bubu uwanjani kwa watu. Jirani alisimama ukutani kutazama.

Ruk alinitazama muda mrefu. Uso wake ulikuwa unataka kucheka na kulia, haujaamua. "Huna sauti," akasema. "Siku niliyokuita useme, huna sauti. Mas, wewe ni wa ajabu kweli."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nikageuka nusu, nikidhani ndiyo imekwisha.

"Unakwenda wapi? Kaa."

Aliondoa vitambaa kwenye kiti cha pili. Nikakaa. Alisukuma cherehani pembeni, akaweka mikono mapajani, akangoja mpaka nilipomtazama usoni, kisha akaanza kuanzia mwanzo kabisa, asubuhi baba yake alipoanguka kwenye shamba la tumbaku na yeye ndiye aliyemkuta.

Mama mkwe alileta tangawizi, akaiweka katikati yetu, akaondoka. Ruk aliendelea kusema, na mimi sikuinuka.